Ulipokohoa Pale Gulwe

Mpendwa Baba,

Yule mheshimiwa amekiri. Jana, katika mhadhara wa umma chuoni Chimwaga, alisema kwa kinywa chake na kwenye kipaza sauti kwamba mkalimani wa Gulwe hakuhongwa ng'ombe na mtu yeyote. Nilikuwa safu ya mbele pamoja na waandishi wenzangu, na leo nimeisikiliza tena rekodi nisije nikakuletea maneno ambayo hayakusemwa.

Hakuja kuzungumzia Gulwe. Alialikwa, kama waziri mstaafu aliyewahi kupatanisha mahasimu katika nchi jirani, aeleze nchi ndogo zifanyeje wakubwa wa dunia wanapogombana. Ukumbi ulijaa wanafunzi na watu wa wizarani. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukicheza na mapazia, vumbi jekundu likielea kwenye mwanga wa madirisha, na yeye alipoanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" yake ileile isiyonyooka, nikasikia sauti yako. Kila alipomaliza sentensi wewe ulifuata nyuma kidogo, kwa Kigogo, bila haraka. Alipotaja mataifa, ukayataja. Alipofika kwenye uwiano wa nguvu, ukanyamaza ukitafuta neno. Nikasahau kuandika. Hilo halijawahi kunitokea kazini.

Hivyo ndivyo ulivyosimama kando yake pale uwanjani kijijini Gulwe, karibu na stesheni, wakati ule yeye akiwa kiongozi kijana kutoka wilayani na wewe karani wa kijiji. Alisema Kiswahili, wewe ukawageuzia wazee ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya ofisini. Nyumbani tulikijua kitu kimoja ambacho yeye hakukijua: ukikohoa kabla ya kutafsiri, kinachofuata ni chako mwenyewe. Mhubiri mgeni akivuta mno mahubiri, ulikohoa, na watu wakawahi kwenda kula.

"Leo umemkata mtumishi wa Mungu," Mama alikwambia Jumapili moja tukitoka kanisani.

"Sikumkata. Alikuwa amepotea, nikamrudisha njiani."

Halafu ukaja ule mwaka wa ukame. Wakulima na wafugaji walifika mkutanoni na fimbo, kila upande umekaa kivyake, ugomvi ukiwa ni maji ya bwawa. Mheshimiwa alikuwa amechoshwa na jua na kelele. Akasema wafugaji wasipoondoka kabla ya jua kuzama, wakulima wawaondoe wenyewe. Ukakohoa. Kisha ukawaambia watu kwamba mheshimiwa anataka kabla ya jua kuzama wazee wa pande zote mbili waketi naye. Watu wakapiga makofi. Yeye akadhani wanaishangilia amri yake, akapunga mkono. Aliposhuka jukwaani akawakuta wazee wameshaketi chini, wanamngoja.

"Hawa wanataka nini?" akakuuliza.

"Wameitikia wito wako, Mheshimiwa."

"Mbona nilisema kidogo na wewe ukasema sana?"

"Kigogo ni kirefu, Mheshimiwa."

Ikabidi aketi. Walipangiana zamu za kunywesha mifugo, na fimbo zikarudi nyumbani jinsi zilivyokuja. Lakini wapo waliokielewa Kiswahili chake, na habari ikamfikia. Ukaondolewa ukarani. Ikatangazwa kwamba ulipotosha maneno ya kiongozi kwa kuwa wafugaji walikuhonga ng'ombe, na neno hilo lilikuwepo hata siku tulipokuzika. Wewe hukulijibu. Mama ndiye aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwapigia kelele wapita njia: "Kama kuna ng'ombe humu, njooni mkamue!"

Jana, wakati wa maswali, msichana mmoja wa chuo alisimama. "Shikamoo, Mheshimiwa. Kwa hiyo diplomasia ni kudanganya kwa adabu?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Marahaba, binti. Ngoja nikwambie."

Akaeleza kwamba katika yale mazungumzo ya amani mahasimu walikataa kukaa chumba kimoja, hivyo yeye ndiye aliyebeba maneno kutoka mlango hadi mlango. Siku moja akapewa tusi alipeleke upande wa pili. Akasimama kwenye ukumbi mwembamba katikati ya milango ile, akamkumbuka mkalimani aliyemharibia amri yake huko Gulwe. "Nikakohoa," alisema. "Nikaingia, nikawaambia wenzao wanaomba siku moja zaidi ya kuzungumza." Kisha akaongeza, taratibu: "Mtu yule niliambiwa amehongwa. Sikuona ushahidi wowote. Niliamini kwa sababu ilinifaa. Hata jina lake sikuliuliza."

Baba, mimi naishi kwa kunukuu. Ningekuwa mwandishi wa mkutano ule wa Gulwe, ningeandika alichosema yeye, na wewe ningekuandika kwamba ulitafsiri visivyo. Hilo bado naliona ni kweli. Na bado jana mkono wangu ulikuwa umelala juu ya karatasi kama wa mtu aliye ndotoni, nikiiona jioni ile, wazee chini, ng'ombe wakinywa kwa zamu, na wewe ukipangusa miwani.

Mhariri wangu ameiondoa aya ya Gulwe. "Dada, hiyo ni ya kijijini. Nipe mataifa." Nimempa mataifa. Ndiyo maana hii naiandika kwa njia ya barua, na naiacha wazi isomwe na yeyote.

Baada ya mhadhara nilimsubiri mlango wa pembeni. Nikamwambia mkalimani yule aliitwa Yona, na mimi ni mwanawe. Alinishika mkono. Nikatoka nje kumpigia simu Mama.

"Amesema, Mama. Amesema Baba hakuhongwa."

"Kasemea wapi?"

"Chuoni. Mbele ya watu wengi."

"Watu wa Gulwe walikuwepo?"

"Hapana."

"Basi bado hajasema. Aje aseme hapa, palepale aliposemea yale mengine. Na wazee waliobaki Kiswahili kinawapita, kwa hiyo utasimama wewe umtafsirie."

"Mama, mimi ni mwandishi, si mkalimani."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilirudi ndani kabla gari lake halijaondoka, nikamfikishia ujumbe wa Mama neno kwa neno, hata ule ukali. Akasema atakuja.

Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uwanja uleule. Mwenyekiti wa kijiji ameshatangaza. Mama amenichagulia pa kusimama, mkono wa kushoto wa mgeni, ulipokuwa ukisimama wewe, na ameniagiza: "Akianza kujisifu, unajua cha kufanya." Nimeazimia kutafsiri kila neno kama litakavyotoka. Koo langu, mpaka naandika hapa, ni zima.

Pumzika, Baba. Nitakuwa hapo mapema.

Binti yako.