Kidole Kilibaki Nje

Shangazi Verlene mpendwa,

Pai yako ya njugu za pekani ilifika; nimeimaliza peke yangu. Tangu Clint, mume wangu wa zamani, avunje mlango, natembea na bastola ndogo chini ya sweta. Kila Jumamosi Mzee Hoyt, anayenifundisha kulenga shabaha, hunifokea uwanjani, "Binti, kidole nje ya kifyatulio mpaka uwe umeamua!"

Jumanne kitasa cha mlango kilizunguka. Niliichomoa bastola, nikalenga. Akaingia jirani Bi Opal, ambaye nilisahau kuwa nilimpa ufunguo, akiwa na bakuli la makaroni.

"Ukiniua, mwanangu, nani atakula hii?"

Shangazi, kidole kilikuwa kimenyooka nje ya kifyatulio. Niliogopa kwamba hofu ingenifanya muuaji. Haikunifanya. Makaroni yalikuwa matamu.

Wako, ninayepumua tena,
Marnie