Filimu Nilifasiria Batu ku Rughenda

Butembo, tarehe 14 mwezi wa tano 2000

Mpendwa mudogo wangu Salomon, kule Kampala,

Nafikisha miaka makumi munane na moja. Babelge baliondoka nikabaki, Bamulele nikabaki, Mobutu nikabaki, na hawa basoda ba leo nitabaki nyuma yabo. Habari ya afya yako? Mugongo ya bibi yako inapona? Hapa tuko bazima, goti tu njo inanisumbua.

Ni juu ya mutoto wako Muyisa. Iko muzima, soma pole-pole.

Ku Rughenda kuko nyumba ya video. Balileta filimu ya vita ya zamani: bazungu ba nguo nyekundu na bunduki, batu beusi na mikuki, na bazungu bakakufa bote kabla jua ishuke. Ilikuwa ya Kingereza. Batu banajua nilipigana Abyssinie pamoja na Bangereza, donc mwenye video akaniita nifasirie. Nani mwingine angeweza? Nilisimama pembeni ya télé na fimbo, sikuruka neno.

Fasi moja kuko muzee anabamwangia bale ba mikuki maji. Nikasema: «Anabaambia, kwa hii maji masasi itageuka maji pia.» Batu bakapiga makofi sana, na Muyisa pia.

Asubui Muyisa akaacha bibi na mutoto, akaenda Alimbongo kuingia mu Bamai-Mai, bale bapiganaji ba pori benye kujimwangia maji juu ya masasi. Eti hata Bangereza banaikubali ile maji.

Nikapanda lori ya Yassini, chauffeur Muislamu wa Beni, juu ya magunia ya chumvi. Nikamukuta Muyisa pembeni ya barabara, anangoja wa kumupeleka pori. Akacheka: «Baba mukubwa, si weye mwenyewe ulifasiria?»

Njo pale nikasema. Kingereza sijue. Nilitoka Abyssinie na maneno tatu: simama, tembea, kula. Ule muzee labda alikuwa anaomba tumbako.

«Na makofi yote ile?»

«Makofi nilikula. Lakini Kingereza hapana.»

Muyisa akamuuliza Yassini kama kuko fasi mu lori.

«Panda mbio», Yassini akasema, «kabla huyu muzee ajue tena Kingereza.»

Sasa Muyisa iko Mulekera kwa dada yetu Kahongya, bibi yake alimufuata. Siku ya posho, Jumamosi, nafasiria filimu ingine. Maji sitaweka.

Kavira bibi yangu anakusalimia, usalimie bote ba kwako. Mungu akulinde mu kazi na mu njia.

Kama unaona nadanganya, uliza Yassini, yeye njo anakuletea hii barua. Alisikia yote. Kwa batu ba Butembo aliniapia atanyamaza. Kwako weye, nilimuruhusu aseme.

Mukubwa wako mwenye kukupenda,
Kambere