Kabla Hujalia, Tazama Ubao

Mjukuu wangu Nasra,

Amani ikufikie huko Toronto. Sisi hapa Harrow hatujambo. Bibi yako ametolewa bandeji ya jicho, na kitu cha kwanza alichokiona ni vumbi juu ya televisheni yangu. Alhamdulillahi.

Umeniuliza kama yule mpigaji wetu wa kriketi, wa zile mechi za Test za mataifa, amekwisha, maana siku hizi hafiki hata mikimbio thelathini.

Unguja tulicheza kriketi juu ya mkeka wa usumba wa nazi, tuliokaza kwa misumari. Mpira ukidunda pale unapanda sawasawa, nami nikipiga nitakavyo. Nikaja London: nyasi mbichi, mvua ya asubuhi. Mpira mmoja unakujia kidevuni, unaofuata unatambaa. Jumamosi moja nikatolewa kwa mikimbio kumi na tisa. Nikajificha nyuma ya banda, navua pedi za miguuni, naapa sichezi tena. Nahodha wetu, Mpemba mmoja mkali, akanifuata.

"Unalia nini? Wenzako umewatazama?"

Nikatazama ubao wa mikimbio. Hakuna mwingine, wa kwetu wala wa kwao, aliyefika kumi. Sijawahi kucheza vizuri kuliko siku ile.

Basi huyo wetu hajakwisha. Viwanja alivyochezea vilikuwa na nyufa, mpira hautabiriki, na wenzake walitolewa kabla yake. Jana timu ilitangazwa, naye yumo.

Mama yako aliniambia ulifunga begi urudi, kwa sababu ya alama za muhula wa kwanza. Leo kaniambia umelifungua. Nimeshusha pumzi, mwanangu. Alama za wenzako ulizitazama?

Babu yako