Breka ya Irmgard na Karatasi ya Duka la Mikate

CHAMA CHA WAVUMBUZI WA OBERLAUCH

Kikao cha tarehe 14 Novemba 2019, saa 9:30 alasiri, nyuma ya kituo cha zimamoto.

Waliohudhuria: Gerlinde Österle (Mwenyekiti), Eugen Kächele (fundi umeme mstaafu), Irmgard Kächele (mkewe, na keki ya tufaha), Roswitha Mauch (Katibu).
Asiyehudhuria: Wendelin Stotz, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/11: BARUA YA HATAZA
Mwenyekiti alisoma barua ya ofisi ya hataza, inayotoa hati za kumiliki uvumbuzi. Ombi la Bw. Kächele, la breka ya nyumbani inayokata umeme mzigo wa vyombo ukizidi na kujirudisha yenyewe mzigo ukipungua, limekataliwa. Kampuni moja kubwa iliitumia ofisi hiyo picha ya kupinga: siku kumi na tisa kabla ya ombi kupokelewa, mchoro wa saketi nzima ulikuwa umebandikwa kwenye kioo cha duka la mikate. Kilichokwisha kuonekana hadharani hakipewi hataza.

KUMB. NA. 2/11: NANI ALIBANDIKA
Katibu alikiri kwamba karatasi ile ilikuwa kumbukumbu zake za kikao cha Mei, pamoja na mchoro. Hubandika kila mwezi. Aliwasilisha barua ya kujiuzulu.

Mwenyekiti alisema, "Roswitha jamani, umefanya nini! Miaka sita ya mzee wa watu!" Kauli hii imeandikwa kwa ombi la Katibu mwenyewe.

Bw. Kächele alisema mchoro wa Katibu ulikuwa safi kuliko wa wakili wake.

Bi. Kächele alisema, "Wewe mzee, magoti yangu yalikataa ngazi, ukaapa sitashuka tena chini kuwasha breka. Na sishuki. Cheti nilikuomba lini?"

Bw. Kächele alijibu kwamba alitaka jina la mkewe liandikwe mahali lisipofutika.

KUMB. NA. 3/11: AZIMIO
Mwenyekiti alieleza kwamba kwa sababu ya karatasi hiyohiyo, kampuni ile nayo haiwezi kuihodhi saketi. Yeyote mwenye magoti mabovu aitengeneze. Iliazimiwa mchoro urudi kwenye kioo cha duka, juu yake pameandikwa IRMGARD. Barua ya Katibu iliwekewa sahani ya keki juu yake, na haikujadiliwa.

KUFUNGA
Saa 11:10 jioni hita na birika la kahawa viliwashwa pamoja, umeme ukakatika. Mwenyekiti alipapasa akazima hita. Breka ya chumba hiki aliifunga Bw. Kächele wiki iliyopita, kwa hiyo hakuna aliyenyanyuka. Bi. Kächele alihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini, taa zilirudi zenyewe, naye akambusu mumewe, akamwagiza Katibu aliandike na hilo.

Limeandikwa.

G. Österle, Mwenyekiti
R. Mauch, Katibu (bado)