Zote Zinatosha

Jumatatu, 12 Mei

Botini tangu asubuhi. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa mara mbili. Karatasi bado iko dirishani. INAUZWA, kwa Kifaransa na Kiholanzi, mwandiko wa mke wangu.

Mama Salma aliibandika jana. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Jumamosi wageni wake wa ubalozini wakija hapa mferejini wakakuta nyaya bado zinatambaa sakafuni, karatasi itabaki. Zikifichwa, itatoka. Sikumbishia. Siku ya Idi alijikwaa kwenye waya wa spika akiwa na sufuria mkononi, pilau lote likaishia kwenye viatu vya bosi wake. Maji yakimwagika hayazoleki, na pilau vilevile.

Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: naogopa. Ubalozini Mama Salma ni Bi Mwanaidi, na hapa Brussels mimi ni mume wa Bi Mwanaidi. Kwenye sherehe nashika glasi ya juisi na kutabasamu. Tanga nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu. Hapa nina boti hii kuukuu, basi. Ikiuzwa sijui nitakaa wapi mchana kutwa. Nyumba yetu ya Auderghem ni nzuri na inanibana.

Jumanne, 13 Mei

Papa Déo amekuja. Seremala, mtu wa Bukavu, manukato yanatangulia mlangoni, viatu vinang'aa hata kazini. Mpango ni rahisi. Ndani, kuta zimefunikwa kwa mbao nyembamba. Nyuma yake ni chuma cha boti. Tunang'oa mstari mmoja tu wa juu, tunapitisha humo nyaya za televisheni na spika, tunarudisha mbao. Asiyejua asijue.

Tulibishana, lakini si juu ya mbao. Yeye husema muntu, mutoto. Mimi namsahihisha. Mtu, Papa Déo. Mtoto. Anacheka: "Bon, Mwalimu, muntu ni muntu." Najua naudhi. Siwezi kuacha. Ukifundisha ngeli maisha yako yote, sikio halistaafu.

Ubao wa kwanza ulitoka bila kupasuka. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake jioni, nyumbani Auderghem, nikatembea hadi msitu ulio jirani na kurudi, kisha nikatembea tena hadi msituni.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Skrubu zimeshika kutu. Kazi kidogo, jasho jingi.

Mama Salma aliuliza kwa kuinua kichwa tu. Nikajibu kwa kichwa. Tukala.

Alhamisi, 15 Mei

Siku mbaya.

Mama Salma alinituma kwenye maduka ya Kiafrika ya Chaussée de Wavre: ndizi mbichi, nazi, pilipili, mambo ya wageni. Nikamwachia Papa Déo funguo. Nipo dukani, simu ikalia. Muziki juu, mama mmoja anagombana na muuzaji juu ya samaki. Papa Déo akauliza jambo kuhusu mbao za upande wa dirisha. Nilichosikia ni "zatosha?" Nikaelewa anauliza kama zile tulizokwisha kung'oa zatosha kupitisha nyaya. Nikamjibu kwa sauti kubwa ili asikie. Zinatosha, Papa Déo. Zote zinatosha.

Nilipofika botini hapakuwa na kuta.

Chuma kitupu pande zote. Sufi ya kuzuia baridi inaning'inia. Nyaya ambazo sikujua kama zipo ziko nje, nyekundu, bluu, nyeusi. Mbao zote zimelala sakafuni. Papa Déo anajipangusa jasho, ameridhika kabisa.

"Mwalimu, nilikuuliza, natosha? Weye ukasema zote. Alors, nimetosha zote."

Kutosha. Kwao ni kutoa. Kuondoa. Mimi kitenzi hicho nimekifundisha kwa maana moja tu, na nimewakata wanafunzi alama kwa ajili yake.

Nikafoka. Nikamwambia hicho si Kiswahili. Akateremsha mikono ya shati, akavaa koti, akasema bila kupandisha sauti kwamba mama yake alimulea katika hicho ambacho si Kiswahili. Akaondoka. Nikaupiga teke mfuko wa ununuzi. Nilisahau kuna nazi ndani. Mguu unauma.

Ijumaa, 16 Mei

Nimejaribu kurudisha mbao peke yangu. Haziingii. Ubao wa mlangoni nauweka jikoni, wa jikoni hauna pa kwenda.

Kisha nikapitisha mkono kwenye chuma chini ya dirisha. Ukarudi umelowa. Maji yanaingia kwenye fremu, yanashuka taratibu, yameozesha mbao kwa nyuma huku mbele zikiwa zimepakwa rangi safi. Waya wa zamani wa umeme wa televisheni umelala humo humo majini, gamba lake limepasuka. Mpango wetu usingegusa upande huo. Tungefunga mstari wa juu, tungewasha televisheni, Mama Salma angeegemea ukuta. Nilikaa chini. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilikaa bila kusimama.

Nikazima umeme wote. Nikampigia Papa Déo. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe: Samahani sana, Papa Déo. Nilikukosea adabu. Kuna maji kwenye dirisha, njoo utoshe fremu. Neno hilo nililitazama kabla ya kutuma. Sikulipenda. Nikatuma.

Akajibu baada ya swala ya Ijumaa: "Fremu hatutoshe, Mwalimu. Fremu ni kuziba. Nakuja."

Jumamosi, 17 Mei

Mama Salma alipiga simu asubuhi. Nyaya zimefichwa? Nikasema hapana. Nikasema na kuta pia hakuna. Kisha akasema sawa. Hiyo sawa yake naijua, haina usawa wowote.

Wageni wakapelekwa nyumbani Auderghem. Nikashika glasi ya juisi. Bosi wake aliweka miguu chini ya kiti kila nilipopita na sahani. Nilikuwa nawaza silikoni aliyoziba nayo Papa Déo dirishani jana jioni, kama imekauka.

Jumapili, 18 Mei

Mama Salma amekuja mwenyewe, hakuniambia. Akasimama mlangoni na mkoba wake, akatazama chuma.

Nikamweleza yote. Simu, samaki, kutosha, kufoka kwangu. Nikamwonyesha ubao uliooza na ule waya. Aliushika ubao, ukamegeka mkononi. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenzangu ukuta umeshaubomoa. Nikadhani basi, imekwisha.

Kisha akarudia polepole, kwa sauti yangu ya darasani: zote zinatosha. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa juu ya rundo la mbao. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuhamie huku. Nami nikacheka, ingawa mwanzoni niliumia.

Papa Déo alikuwa pembeni, anapitisha waya mpya juu kabisa, mbali na maji. Kila ubao mzima sasa una namba kwa penseli mgongoni. Zilizooza tutatafuta nyingine. Kwa sasa ni pabaya kutazama, lakini sakafuni hakuna waya. Mama Salma alitembea toka mlangoni hadi mwisho wa boti na kikombe cha chai kimejaa, macho chini. Akarudi. Chai haikumwagika.

Papa Déo akafika dirishani na silikoni yake, tabaka la pili. Karatasi ilikuwa inamzuia.

"Maman, na hii karatasi, natosha?"

Mama Salma akanitazama mimi kwanza. Akanywa chai.

"Tosha, Papa."

Ikatoka. Gundi kidogo imebaki kwenye kioo. Sikumsahihisha mtu.