Tanga la Muzamiru

Dubai Investments Park
9 Machi 2008

Babu yangu Shomari,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio umegoma. Huko Tunduru mvua imewafikaje? Mke wangu Sikujua ameniambia kwa simu, alipopanda kilimani kutafuta mtandao, kwamba lile tumbo la likizo yangu ya Desemba limeshaonekana na kwamba wewe unamkataza kubeba maji. Asante babu, lakini kumbuka ni wangu peke yangu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Pale tunapojenga, Jumeirah Lake, kuna injinia Mwingereza, Bwana Nick. Ofisi yake ni kontena lenye kiyoyozi. Juzi nilitumwa kumpelekea maji, nikaona picha ukutani: Waafrika wenye kofia pana wamesimama kwenye matope karibu na mzinga, na Mzungu mmoja katikati. Nikaropoka, "Babu yangu alikuwa na kofia kama hii." Akauliza alikuwa wapi. Nikasema Bama, yaani Burma, kwenye vita na Wajapani. Aliruka kitini kama mtu aliyekalia siafu.

Huyo wa katikati ni mjomba wake, kaka wa mama yake, Kapteni Ludlow wa mizinga. Alipotea huko Bama mwaka 1944. Serikali yao iliandika tu kwamba hajulikani alipo. Bwana Nick ametafuta miaka mingi alikopita na alivyokufa, hajapata.

Nimetia nakala ya picha humu. Kama unamjua, nieleze yote, na haraka. Sikufichi: anasema nafasi ya kukaa stoo itapatikana, na stoo ni kivulini. Kiangazi kilichopita nilianguka mara mbili kwa joto nikiwa ghorofa ya tisa. Ya tatu sijui nitaokotwa na nani.

Mjukuu wako,
Ibra


Tunduru
14 Aprili 2008

Mume mwenzangu Ibra,

Marahaba. Mvua ipo, mihogo ipo, magoti ndiyo hayapo. Mke wetu mzima, anakula udongo wa kichuguu na kunitukana, basi mimba ni nzuri.

Picha nimeiona. Kwanza nilijijua mwenyewe, wa tatu kutoka kushoto, mwenye masikio. Huyo Mzungu tulimwita Bwana Subiri. Kila akipiga hesabu ya kulenga alisema "subiri, subiri", na sisi tunalowa. Lakini alikuwa mtu. Najua alivyokufa na najua alipolala. Mwanamume anayemtafuta mjomba wake ana akili. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto.

Sasa mtazame huyo aliyesimama kushoto kwangu. Ni mdogo wangu Muzamiru. Aliugua huko huko, wakamchukua kwenye machela kumpeleka hospitali ya nyuma, nami sikumwona tena. Jeshini makarani walituita kwa namba siku zote. Siku ya kuachwa na jeshi, vita vimekwisha, karani akaniita kwa jina, na jina aliloita ni Muzamiru. Nikamwambia huyo ni mdogo wangu, yuko wapi? Akanijibu, "Chukua blanketi lako utoke."

Mama alikaa mkekani mpaka akafa akimngoja. Tanga la Muzamiru halijaanuliwa hadi leo, maana nani ataanua tanga la mtu asiyejulikana kama amekufa? Na jina la mtu ambaye tanga lake liko chini halirithiwi. Watoto wawili wa ukoo wameombewa jina hilo wakanyimwa. Wa Sikujua ningependa asinyimwe.

Basi mwambie Bwana Nick: wao ndio wenye makaratasi. Anitafutie ndugu yangu, nami nimpe mjomba wake. Mtu kwa mtu.

Babu yako,
Shomari


Dubai Investments Park
25 Mei 2008

Babu,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa kinyongo. Afya yangu usiiulize.

Bwana Nick aliposikia sharti lako alicheka, kisha akaona sicheki. Akaandika Uingereza. Jibu limekuja, na Dancan, Mkenya anayelala kitanda cha juu yangu, amenisomea.

"Wanasema hawamjui," akaniambia.

"Wameandika hivyo hivyo?"

"Wameandika kwa adabu nyingi sana, bro. Lakini ndiyo hiyo. Jina halipo, na askari bila namba hawawezi kumtafuta."

Bwana Nick ana sanduku zima la mjomba wake. Anajua shule aliyosoma, anajua alivaa viatu saizi gani. Kuna hata picha ya farasi wake, na jina la farasi limeandikwa nyuma. Farasi anajulikana, babu, Muzamiru hajulikani. Hata mimi iliniuma. Lakini kuumwa hakuleti kivuli.

Joto limeshaanza. Nondo zinaunguza juu ya glavu. Kila asubuhi Bwana Nick ananisimamisha, "Babu amejibu?" na nyuma yangu foromani anapiga kelele yalla, yalla, haraka, nami nimesimama katikati kama mbuzi wa kununuliwa. Stoo bado iko wazi. Mwambie tu, babu. Hao wamekufa miaka sitini iliyopita. Mimi niko hai.

Mjukuu wako,
Ibra


Tunduru
20 Juni 2008

Mume mwenzangu,

Marahaba. Tu wazima. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena, haikupungua ukali.

Namba anaitaka, namba anayo. Yangu nimeiandika huku nyuma, siwezi kuisahau hata nikisahau jina lako. Inaishia na arobaini na moja. Siku ya kuandikwa, Lindi, nilikuwa mbele kwenye foleni na Muzamiru nyuma yangu ameshika shati langu asipotee. Kwa hiyo yake inaishia na arobaini na mbili. Waache kutafuta jina, watafute namba.

Unasema wewe uko hai. Yeye pia nilimwacha hai. Nikimpa Mzungu chake leo, kesho nani atanitafutia changu? Nilishawahi kumpa Mzungu kwanza. Nilimpa miaka mitatu.

Kunywa maji yenye chumvi kidogo. Jeshini yalitusaidia.

Babu yako,
Shomari


Dubai Investments Park
17 Agosti 2008

Babu,

Shikamoo. Ukisikia nimelazwa usishtuke, nimeshatoka.

Nilianguka tena, safari hii ghorofa ya kumi na nne, nusu ya mguu nje. Nilipofumbua macho Bwana Nick alikuwa ananimwagia maji. Nikiwa bado chini, akaniuliza, "Babu amejibu?"

Hapo nikachoka, babu. Namba yako ilikuwa mfukoni mwangu, lakini niliiona safari nyingine ya kuandika na kungoja, na kiangazi hakingoji. Nikamwambia amejibu. Nikasema mjomba wako alikufa amesimama kwenye mzinga, risasi zimekwisha, Wajapani wako mbele, na babu ndiye aliyemfumba macho. Sijui nilikoyatoa. Labda kwenye filamu wanazotuwekea kambini siku ya Ijumaa.

Aligeuka akatazama ukuta, mabega yakitikisika. Kesho yake nikaingizwa stoo.

Namba ya Muzamiru nilimpa siku hiyo hiyo. Aliitia kwenye mfuko wa shati bila kuitazama, na tangu hapo haulizi kitu. Alichokitaka amepata. Khalas, yamekwisha.

Huku kivulini nahesabu kofia na glavu. Usiku nalala. Nakuomba usiniharibie.

Mjukuu wako,
Ibra


Tunduru
3 Oktoba 2008

Ibra,

Sikujua amejifungua salama, tarehe kumi na moja ya mwezi uliopita, mwanamume. Ana masikio yangu. Jina hana. Tunamwita Mgeni.

Barua yako sikuijibu mapema kwa sababu kila nililoandika lilikuwa tusi, nikalichana. Umempa mtu mjomba wa kuchonga. Atamweka nyumbani, atamwonyesha wageni, na mjomba wake wa kweli ataendelea kunyeshewa.

Sasa sikiliza. Bwana Subiri hakufa kwenye mzinga. Alikufa kwa homa, mvuani, chini ya turubai linalovuja. Mizinga ilikuwa imezama kwenye matope, hakuna aliyekuwa akimpiga mtu. Wenzetu waliogopa kuambukizwa, wakakaa mbali. Muzamiru ndiye aliyemwosha, akamlisha uji kwa kifuniko cha chupa. Siku ya mwisho akili ilimrudia kidogo, akamwambia Muzamiru kwa Kiswahili chake kibovu, "Mwambie dada asiuze farasi." Hakusema tena.

Tulimzika kwenye kona ya kijito, juu ya mwinuko, chini ya mti wa mtiki. Muzamiru Mwislamu akamchongea msalaba. Nikamuuliza, akasema, "Kila mtu kwa dini yake, kaka, nisaidie kushika." Hazikupita siku nyingi akaanguka yeye, kwa homa ile ile.

Neno la maiti si mali yangu wala yako. Sina sharti tena. Mpelekee mwenyewe, na akikutoa kivulini, toka.

Babu yako,
Shomari


Dubai Investments Park
11 Januari 2009

Babu,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Mnibusie Mgeni.

Barua yako niliilalia chini ya godoro wiki baada ya wiki. Nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni, huyu mzee anakula mihogo yake kivulini, mimi ananirudisha juani. Kisha winchi zikaanza kusimama, moja moja. Wanasema Dubai fedha zimekauka. Watu wanapakiwa kwenye mabasi mpaka uwanja wa ndege. Nikaona hata stoo yenyewe inakufa, sasa nalinda nini?

Nikaenda kontenani. Nikamwambia, "Sir, nilikudanganya." Nikamsomea yako neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Alikuwa mwekundu. Akasema mama yake ana miaka tisini, na ule uongo wangu amekwishausimulia kanisani. Akaninyooshea mlango. Kesho yake nilikuwa nabeba mbao, na siku nzima nilikulaani. Nisamehe.

Siku ya tatu akapanda mwenyewe hadi tulipo, anahema. Foromani akadhani amekuja kukagua, akaanza kutufokea. Bwana Nick akamnyamazisha kwa mkono. Akaniambia alimpigia mama yake simu kuhusu farasi. Bibi akamwambia arudie maneno hayo. Kisha akasema baba yao alitaka kumuuza, yeye akalala zizini akakataa. Farasi alikufa kwa uzee. Bibi alisema, "Sikuwahi kujua kama angetaka nimtunze."

Tukasimama pale, mimi na mbao zangu. Kisha akaniomba radhi kwa ajili ya Muzamiru. Alisema usiku ule aliitafuta ile karatasi ya namba, akaituma Uingereza, namba peke yake bila jina.

Jibu limekuja Alhamisi. Namba ipo, babu, na kaburi lipo, huko huko Bama, limejengewa jiwe. Picha nimeitia humu. Namba iliyo juu inaishia na arobaini na mbili. Sasa soma jina lililo chini yake. Mimi na Dancan tumelisoma mara tatu, tukatazamana.

Shomari bin Kazembe.

Umezikwa tangu 1944, babu. Yule karani wa Lindi aliwaandika kinyume, jina lako kwenye namba ya mdogo wako, na lake kwenye yako. Ndiyo maana siku ya kuachwa wakakuita Muzamiru. Kwenye makaratasi yao Muzamiru alichukua blanketi akarudi nyumbani, na maiti hakuna aliyemtafuta, maana wewe ulikuwa kwako unalima.

Bwana Nick anauliza kama unataka waandike upya lile jiwe. Amesema atalisimamia mwenyewe.

Kampuni inatufungia kazi mwisho wa Februari. Narudi mikono mitupu, nakwambia mapema usije ukanipokea kwa ngoma.

Mjukuu wako,
Ibra


Tunduru
30 Januari 2009

Mume mwenzangu,

Marahaba, na heri ya kurudi. Mikono mitupu ndiyo inayobeba mtoto vizuri.

Kaburi langu nimeliona. Wamenifyekea majani, sina la kulalamika. Nilicheka mpaka nikapaliwa, mkeo akanipiga mgongoni. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka wakanitafuta.

Mwambie Bwana Nick waliache jiwe kama lilivyo. Miaka yote niliumia kwamba mtoto yule, aliyezoea kushika shati langu, amelala ugenini peke yake. Kumbe analo jina langu.

Tanga tumeanua Ijumaa. Tulipika, tukasoma, mkeka wa mama nikaukunja mwenyewe. Mgeni si mgeni tena. Tunamwita Muzamiru, na kila akiitwa analia, kwa hiyo uje umzoeze.

Ni mimi babu yako,
marehemu Shomari