Sauti Nisiyoijua Juu ya Beni

Papa,

Mama amenikataza kukuandikia. Anasema marehemu aachwe apumzike. Lakini habari za moteri za ndege nimuulize nani mwingine? Hapa mtaani, Beni, wote wananiuliza mimi.

Wewe uliyekuwa ukinicheka kwamba sina masikio, hili usingelitegemea. Tangu tukuzike, ndege ikipita majirani hawatazami tena juu. Wananitazama mimi usoni, wajue kama ni ya vita. Jirani anayeuza makala ya kupikia anaacha kupima, anangoja. Nikisema ni ile ya mizigo kutoka Bunia, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Wanasema sikio la injinia limebaki kwa binti.

Ulinifundisha bila kujua, pale uani, ukinywa chai umefumba macho na kuzitaja ndege kwa majina kabla hazijaonekana. Wewe mtoto wa mkulima wa viazi wa Masereka, uliyetazama ndege ndogo ya wamisionari mpaka mbuzi wakamaliza shamba la jirani, ukachapwa. Ukaenda Ulaya, ukasoma, ukaajiriwa kwenye kiwanda cha moteri za ndege. Kisha ukauacha mshahara ule, ukarudi kutengeneza vindege vyetu vilivyochoka. Watu walisema umerogwa. Wewe ulisema ndege za huko zina madaktari wengi mno.

Namkumbuka yule mfanyabiashara wa Butembo aliyetaka ndege yake iruke na mizigo. Ulikuwa umesikia kitu moterini ambacho hata rubani hakukisikia. Ukasimama mbele ya ndege, mikono mifukoni, naye anakutukana. "Mimi sijue ni nini," ulimwambia, "lakini kitu yenye sijue, haitaruka." Nilikuwa nyuma yako, nikiona aibu. Siku hizi naona wivu.

Maana wiki hii imekuja sauti nyingine, Papa. Ni nyembamba, haipumziki, kama cherehani ya jirani. Haipiti na kwenda zake. Inazunguka juu ya soko, inahamia juu ya shule, inarudi. Nimekaa uani nikafumba macho na sikupata jina lake. Si ya mizigo, si ya wagonjwa, si helikopta. Naiogopa.

Chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja nyumbani akakaa kwenye kiti chako. Hakuja kwa ubaya. Anasema watu wakikimbia, wezi wataingia manyumba na kakao itaozea mashambani. Akaniomba mbele ya Mama, ili watu walale usingizi: "Masika, useme tu ni ya cargo. Batu balale." Mama alitazama chini. Nilijua naye anataka niseme hivyo, kwa sababu akikimbia atakuacha peke yako kule kilimani, na hajamaliza kukulilia.

Jana tulikuwa ibadani sauti iliporudi, safari hii juu ya paa la kanisa. Mchungaji akakatiza maombi. Mabenchi yote yakanigeukia, hata chef. Nilisimama.

"Hii sijue ni ndege gani," nikasema. "Mimi na Mama tunaenda Butembo kesho."

Walikusanya Biblia na watoto wao, wakatoka. Tangu hapo barabara ya Butembo imejaa pikipiki zilizofungwa magodoro. Chef naye amepakia vyake, bila kunisalimu. Mama amekunja nguo zako pamoja na zake, na sikuthubutu kumwambia kwamba nafasi ni ndogo.

Tunakwenda kwa dada yako, kule Vulamba, Butembo. Kama nimekosea, watu watarudi wanicheke mpaka nizeeke, na nitacheka nao. Nakuahidi, nikirudi nitapalilia kaburi lako kabla hata ya kufungua nyumba.

Kwaheri, Papa. Inazunguka tena sasa ninapoandika, iko chini kuliko jana, na tukiondoka utabaki wewe tu wa kuisikiliza.

Masika wako